Namna ya Kuchagua Mbao za Rangi za Tabaka kwa Kukereza Kalamu

Kipande cha mbao kinachouzwa kwa ajili ya kukerezea kalamu huwa na upana na unene wa milimita 19, yaani robo tatu ya inchi, na urefu wa milimita 127 hivi. Kikishatobolewa, kikatiwa mrija wa shaba nyeupe na kukerezwa mpaka kufikia unene wa kalamu, takriban sehemu tisa katika kumi za mbao hiyo huwa zimekwisha kuwa vumbi na maranda chini ya mashine. Kinachobaki mkononi mwa mwenye kalamu ni ganda jembamba, ambalo katikati lina unene wa milimita 1.5 na kwenye ncha halifiki hata milimita moja. Mbao ya mti mmoja huvumilia wembamba huo kwa kuwa nyuzi zake zimeota pamoja. Mbao ya tabaka, yaani iliyoundwa kwa maganda membamba yaliyobandikwa pamoja, hushikiliwa na gundi, na gundi ikiwa na kasoro mahali popote ndani ya ganda hilo, kalamu haipo. Kwa sababu hiyo nawasihi wenzangu wachague mbao hizi kwa kuangalia kitakachobaki, wala si kwa kuangalia uso wa kipande kilivyo siku ya kununuliwa.

Mwongozo huu nimewaandikia mafundi wa Lamu, hasa vijana waliokulia katika karakana za nakshi na ambao sasa wamenunua mashine ndogo za umeme za kukereza ili wauze kalamu kwa wageni, kwa maharusi na kwa ofisi. Kukereza kwenyewe si jambo geni kwetu, kwa maana miguu ya vitanda na ya viti vyetu ilikerezwa kwa keezo ya kuvutwa kwa kamba muda mrefu kabla umeme haujafika kisiwani. Jambo geni ni mbao yenyewe. Fundi aliyezoea mbambakofi, msaji na mwembe hujua kuisoma mbao kwa nyuzi, kwa harufu na kwa uzito wake. Akipewa kipande chenye wekundu, weusi na samawati zilizopangwa kama pindo la kikoi, ujuzi wake wote huo hukosa pa kushika, naye huishia kuchagua kwa kuvutiwa na rangi. Mimi pia nilianza hivyo, na hasara yake nitaieleza mahali pake.

Mbao hizi zimeundwaje

Mbao za rangi za tabaka hutengenezwa kwa vinia, yaani maganda membamba ya mbao. Mti unaopendwa ni betula, mti wa nchi za baridi wenye mbao nyeupe na nyuzi zilizoshikana, kwa sababu weupe wake hupokea rangi yoyote bila kuigeuza. Kila ganda, ambalo kwa kawaida lina unene wa milimita 1.5 hivi, hutiwa rangi mpaka iingie ndani, hukaushwa, kisha hupangwa pamoja na mengine kwa gundi na kukandamizwa kwa mashine mpaka yote yawe ubao mmoja mnene. Rangi haikupakwa juu. Ingekuwa imepakwa, patasi ingeiondoa kwa mpito wa kwanza.

Ziko aina mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana katika picha. Katika aina ya kwanza vinia zimeunganishwa kwa gundi tu, na mbao yenyewe imebaki mbao: ni nyepesi kiasi, hukatika vizuri kwa patasi yoyote yenye makali, lakini hunywa unyevu na lazima ipakwe kitu cha kuikinga. Spectraply, inayotengenezwa na kampuni ya Cousineau katika jimbo la Maine, Marekani, ni ya aina hii. Katika aina ya pili vinia hunyweshwa resini, yaani utomvu wa kiwandani unaoganda na kuwa mgumu, mpaka vinyweleo vyake vijae, ndipo zikandamizwe kwa joto. Mbao ya namna hii ni nzito, ni ngumu, humaliza makali ya patasi upesi, na ukiisugua kwa msasa laini hung'aa bila vanishi. Dymondwood ilikuwa ya aina hii ya pili. Ilitoka katika kiwanda cha Rutland Plywood, jimbo la Vermont, ambacho kiliteketea kwa moto mwezi wa Agosti 2014, na utengenezaji wake ukakoma hapo. Kwa hiyo ukikuta jina hilo katika orodha ya muuzaji, muulize kama anachouza ni akiba ya zamani au anatumia jina tu kwa mbao yoyote ya rangi, kwa sababu namna ya kuikereza na kuimalizia itategemea jibu lake.

Kwa anayeanza napendekeza aina ya kwanza. Patasi zetu nyingi zimenolewa kwa ajili ya mwembe na mbambakofi, na fundi ambaye bado hajazoea kunoa mara mbili katika kalamu moja atateseka bure na mbao iliyonyweshwa resini.

Hatua ya kwanza: ijue kalamu kabla ya kuitafuta mbao

Usinunue mbao kwanza ukatafuta vyuma vya kalamu baadaye. Kalamu nyembamba ya kawaida, ile ya kuzungusha yenye sehemu mbili, hutumia mrija wa milimita 7, na ncha zake hukerezwa mpaka zilingane na bushi, yaani vipete vya chuma vya kupimia unene, zenye kipenyo cha milimita 8.4 hivi. Ukipiga hesabu utaona kwamba kwenye ncha mbao hubaki na unene wa milimita 0.7 tu, yaani chini ya nusu ya tabaka moja. Kalamu nene ya sehemu moja hutobolewa kwa takriban milimita 10.7, na ingawa kalamu yenyewe ni nene, mbao inayozunguka mrija wake karibu na ncha ni nyembamba vilevile. Tofauti ni kwamba tundu pana huacha nafasi ndogo ya makosa: katika kipande cha milimita 19, kila upande wa tundu hubaki milimita 4 tu, na biti ikipinda kidogo hutokea ubavuni. Kwa kalamu nene, basi, kipande kisicho na pembe mraba kamili hakifai kabisa, ilhali kwa kalamu nyembamba kinaweza kuvumilika.

Hatua ya pili: soma vichwa vya kipande

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nilipokosea. Mara ya kwanza nilipoagiza mbao hizi nilikuwa nimepokea oda ya kalamu 20 za harusi. Nilichagua kwa picha, nikaridhika na nyuso zilizong'aa, na mzigo ulipofika niliuhesabu bila kuukagua. Vipande vitatu viliachana nikiwa nimekwisha kutia mirija. Kimoja kilifumuka mashineni kama ukindu uliokatwa uzi, na vipande vyake vikanipiga kifuani. Nilipoviokota na kuviweka karibu na dirisha niliona kwamba mstari wa gundi ulikuwa na pengo jembamba kuliko unywele, na pengo hilo lilikuwa likionekana wazi kichwani, yaani mwishoni mwa kipande, tangu siku ya kwanza, kama ningelitazama.

Chukua kipande, kishike vichwa vyake vikiwa vimeelekea mwangaza, na uvikague vyote viwili. Kama kichwa kimechafuka kwa nta au kwa alama za msumeno, kisugue kwa msasa namba 240 juu ya ubao bapa mpaka mistari ionekane safi. Kazi hiyo haichukui dakika moja. Sasa angalia mambo yafuatayo bila haraka.

Mstari wa gundi uliokamilika huonekana kama uzi mwembamba usio na rangi au wenye weusi hafifu, na upana wake ni uleule kuanzia ubavu mmoja hadi wa pili. Mstari unaopanuka mahali fulani, wenye vitobo au wenye weupe wa unga, haukupata gundi ya kutosha au haukukandamizwa sawasawa. Fundi wa jahazi akiona mwanya kati ya mbao mbili hutia kalafati na safari ikaendelea. Katika ganda la milimita moja hakuna kalafati itakayoingia, hivyo kipande hicho kirudishe au kitenge kwa kazi nyingine. Baadhi ya mafundi hudondosha supagluu nyembamba katika pengo na kuendelea. Mimi mwenyewe hufanya hivyo ninapokuwa nimekwisha kutoboa na kasoro ikajitokeza, lakini sinunui kipande kwa matumaini hayo.

Kisha angalia nyuzi. Plaiwudi ya kawaida hupishanisha nyuzi, tabaka moja likienda urefu na linalofuata likienda upana, na mpango huo unafaa kwa mlango wa kabati. Kwa kukereza, nyuzi za matabaka yote zinapaswa kuelekea upande mmoja, yaani urefu wa kipande. Utajua kwa kutazama kichwa: kama kila tabaka linaonyesha vitone vidogo vya vinyweleo vilivyokatwa, mpango ni mzuri, kama tabaka moja lina vitone na lingine lina michirizi ya kulala, hiyo ni plaiwudi iliyotiwa rangi, na patasi itakata tabaka moja kwa ulaini na kung'oa vinyuzi vya linalofuata, mzunguko baada ya mzunguko.

La mwisho ni mwelekeo wa matabaka. Mistari ya kichwani ilingane na mistari ya kichwa cha pili. Kama upande huu tabaka jekundu liko katikati kabisa na upande wa pili limeshuka kwa milimita mbili, kipande kimekatwa kwa upogo kutoka katika ubao, na michirizi ya kalamu itapinda. Wako wanaoupenda upogo huo. Ubaya wake ni kuupata bila kuutaka.

Baada ya macho, tumia sikio. Shika kipande kwa vidole viwili katikati na ukigonge kwa ukucha au kwa kipini cha bisibisi, kama anunuaye mtungi anavyougonga kabla hajatoa pesa. Kipande kizima hutoa sauti kavu na kali. Chenye tabaka lililoachana hutoa sauti iliyokufa. Kipimo hiki hakitoshi peke yake, ila kimewahi kunionyesha kasoro iliyofichika katikati ya kipande ambako vichwa havikuweza kuionyesha.

Hatua ya tatu: pima kama rangi inatoka

Chovya pamba katika spiriti na uisugue kwenye kichwa cha kipande kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Rangi kidogo itatoka karibu kila mara, kwa sababu vumbi la msasa lenyewe lina rangi. Ifute, kisha rudia kwa pamba safi. Pamba ya pili ikitoka nyekundu au ya zambarau iliyokolea, rangi hiyo haikushika vizuri, na itahamia katika matabaka meupe wakati wa kupaka vanishi. Kipande cha namna hiyo si cha kutupa. Kitumie pale ambapo matabaka yote ni ya rangi nzito, kama nyekundu na nyeusi, ambapo uhamaji huo hautaonekana.

Jua nalo lina hesabu yake. Rangi za viwandani zinazotiwa katika mbao hupauka zikikaa juani, na kwa uzoefu wangu zambarau, waridi na samawati hafifu ndizo zinazotangulia, ilhali nyeusi na kahawia hudumu. Mnunuzi wa Lamu ataiweka kalamu mfukoni mwa shati na kutembea nayo ufukweni, na hilo ni jambo la kumweleza mteja waziwazi anapochagua rangi.

Hatua ya nne: chora duara kichwani kabla ya kutoboa

Wengi hudhani kwamba michirizi watakayoipata ni ileile wanayoiona ubavuni mwa kipande. Sivyo. Kalamu ni mviringo, na matabaka ni bapa. Yanapokutana, kila tabaka huonekana kwa upana tofauti kulingana na mahali linapokatwa na mviringo huo. Matabaka yanayopita katikati hujitokeza ubavuni kama mistari myembamba ya milimita 1.5 hivi, na tabaka la juu kabisa, ambalo mviringo unaligusa kwa kulilalia, hutandaa na kuwa mchirizi mpana. Usipoliona hili mapema, unaweza kununua kipande chenye matabaka mengi mekundu na moja tu la kijani, ukapata kalamu ambayo robo yake yote ni ya kijani.

Njia ya kuona mapema ni rahisi. Kata kadi ngumu yenye matundu matatu ya mviringo, moja la milimita 7, moja la milimita 8.4 na moja la milimita 10. Weka kadi kwenye kichwa cha kipande kilichosafishwa, na kwa penseli yenye ncha kali chora duara hizo tatu zikiwa na kituo kimoja. Duara ya ndani ni tundu la mrija, ya kati ni unene wa kalamu kwenye ncha, na ya nje ni unene wake tumboni. Mbao iliyoko kati ya duara ya ndani na ya nje ndiyo kalamu yako, na nje ya hapo ni vumbi.

Sasa chukua mfano wa kipande chenye matabaka mekundu na meusi yanayofuatana kwa zamu. Ukiweka kituo cha duara katikati ya tabaka moja jekundu, matabaka ya juu na ya chini yatalingana: juu utapata mchirizi mweusi wenye upana wa takriban milimita 7 tumboni mwa kalamu, utakaopungua hadi milimita 4 karibu na ncha, na chini utapata mwingine mweusi kama huo. Ukisogeza kituo kwa milimita 0.75 tu, kikawa juu ya mstari wa gundi, mambo yanageuka. Tabaka la juu kabisa litaguswa na tumbo la kalamu tu, nalo litaonekana kama jicho refu lenye upana wa milimita 4.5 katikati, linalofungika pale kalamu inapopungua chini ya milimita 9. Tena jicho la upande mmoja litakuwa jekundu na la upande wa pili jeusi. Mbao ni ileile, bei ni ileile, na kilichobadilika ni nusu ya unene wa tabaka moja. Kwa maoni yangu hakuna sehemu ya kazi hii inayostahili subira kuliko hapa, na naomba kila fundi achore duara hizo angalau katika vipande vyake kumi vya mwanzo, mpaka jicho lake lizoee kuiona kalamu ndani ya mbao.

Kwa kuwa kalamu nyembamba ina sehemu mbili, chora mstari wa penseli ubavuni mwa kipande, kuanzia kichwa hadi kichwa, kabla ya kukikata katikati. Mstari huo utakuonyesha namna ya kuzirudisha sehemu hizo katika mpangilio wake wa asili ili michirizi ya juu iendelee na ya chini. Weka pia alama ya mshale ndani ya vichwa vilivyokutana, kwa sababu mstari wa ubavuni utaondoka mara tu patasi itakapoanza kufanya kazi.

Michirizi ya mshazari hupatikana kwa kununua ubao mpana na kuukata kwa pembe badala ya kununua vipande vilivyokwisha kukatwa. Kwa pembe ya digrii 20 hadi 30 matabaka hutokea kama mawimbi yanayoizunguka kalamu, na mbao bado ina nguvu. Pembe ikikaribia mraba, matabaka huwa kama bangili zilizopangwa, mistari ya gundi huikata kalamu kwa upana, na kila mstari huwa mahali pa kukatikia. Kama unao msumeno wa meza wenye kishikizo imara, ubao una faida kuliko vipande. Kama huna, usijaribu kukata mshazari kwa msumeno wa mkono katika kitu kidogo kiasi hicho.

Hatua ya tano: rangi zinazokaa pamoja

Wateja wa hapa huomba rangi za bendera mara kwa mara, na oda hiyo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Katika bendera ya Kenya weupe ni mstari mwembamba kati ya mweusi na mwekundu, na kati ya mwekundu na kijani. Katika mbao ya tabaka vinia zote huwa na unene uleule, hivyo weupe huwa mpana sawa na wekundu. Shida kubwa zaidi ni vumbi. Msasa unapopita juu ya tabaka jeusi au jekundu huchukua unga wake na kuushindilia katika vinyweleo vya tabaka jeupe, na kalamu hutoka na weupe wa rangi ya waridi au wa majivu. Ukikubali oda ya namna hii, maliza umbo kwa patasi iliyonolewa upya ili msasa uwe na kazi ndogo, puliza vumbi kila unapobadilisha namba ya msasa, paka supagluu nyembamba mara moja mapema ili kuziba vinyweleo, ndipo uendelee na msasa laini. Usifute kwa spiriti katikati ya kazi.

Kwa macho yangu, mchanganyiko unaoonekana vizuri kwenye kitu kidogo kama kalamu ni wa rangi mbili au tatu tu, mojawapo ikiwa nyeusi au kahawia. Rangi sita katika ganda la upana wa kidole huchosha jicho. Hili ni suala la kupenda, ila kalamu zangu zinazokawia kuuzwa ni zile zenye rangi nyingi.

Hatua ya sita: kuagiza na kutunza

Kipande kimoja cha aina isiyo na resini kina uzito wa gramu 30 na kitu, kwa hiyo vipande 30 hukaribia kilo moja. Uzito huo ni mdogo, na ni afadhali kuongeza vipande vichache vya akiba kuliko kulipia usafiri mara ya pili kwa sababu viwili vilikuwa na kasoro. Muombe muuzaji picha ya vichwa; muuzaji anayeijua kazi yake hatashangaa. Mzigo ukifika Mokowe usiuache ukae juani gatini ukingoja boti, kwa kuwa joto hulegeza baadhi ya gundi.

Ukifika karakanani, usikereze siku hiyohiyo. Hewa yetu ina unyevu mwingi na chumvi, na mbao iliyotoka mahali pakavu huvimba kidogo inapoizoea. Viache vipande wiki mbili chumbani, kivulini, vikiwa vimepangwa kwa nafasi ili hewa ipite, kisha vikague vichwa tena, kwa sababu kuna mapengo yanayojitokeza baada ya mbao kuvimba. Vitakavyosalimika viweke katika mkebe wenye kifuniko kinachobana. Wakati wa masika mimi sifungui mkebe huo ila nikiwa tayari kutoboa.

Hatua ya saba: jaribu kipande kimoja kabla ya vyote

Katika kila shehena mpya toa kipande kimoja cha kujaribia, chenye rangi usiyoihitaji sana. Kikate kizidi urefu wa mrija kwa milimita 2 au 3 kila upande. Toboa kwa biti kali, na uitoe biti nje kila baada ya milimita 10 ili kuondoa unga uliojazana, kwa maana unga huo ndio unaoleta joto, na joto likizidi gundi hulainika na matabaka huachana kutoka ndani. Harufu ya kuungua ni ishara ya kusimama. Ukikaribia kutokea upande wa pili punguza nguvu kabisa, au acha milimita chache bila kutobolewa kisha uzikate kwa msumeno, kwa sababu hapo ndipo tabaka la mwisho hupasuka.

Mrija usugue kwa msasa mpaka upoteze mng'ao wake, ziba ncha zake kwa nta ili gundi isiingie ndani, na uubandike kwa epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili, badala ya supagluu. Epoksi hukawia kushika na hukupa muda wa kuuzungusha mrija ukapakwa pande zote. Hata tone moja lililokosekana karibu na ncha litajulikana utakapokuwa unasawazisha vichwa.

Mashineni anza kwa kuondoa pembe taratibu, vipande vyembamba vyembamba, huku umevaa miwani na barakoa. Vumbi la mbao hii lina gundi na rangi ndani yake, na halifai kuvutwa. Sikiliza patasi. Sauti iliyo sawa maana yake gundi imeshika kote. Sauti ya kugonga inayojirudia kila mzunguko maana yake kuna tabaka limeinuka. Zima mashine na ulitafute kwa ukucha. Kipande cha majaribio kikivuka hapo salama hadi kufikia bushi, waweza kuiamini shehena, ingawa kukagua vichwa hakukomi.

Unapozikosa mbao za kiwandani

Usafiri ukiwa ghali, unaweza kuunda tabaka zako mwenyewe kwa mabaki ya karakana. Mfenesi una manjano, mbambakofi una wekundu wa hudhurungi, mwembe ni hafifu, na mpingo ni mweusi usiopauka. Rangi hizo nne hazihitaji kutiwa chochote, na nikiri kwamba mimi huzipenda kuliko za kiwandani. Randa vipande mpaka viwe na unene wa milimita 2 hadi 3 vyenye nyuso bapa kabisa, vielekeze nyuzi upande mmoja, na uvibane kwa jiliwa kwa usiku mzima. Mpingo na msaji zina mafuta yanayoikataa gundi. Zifute kwa spiriti muda mfupi kabla ya kubandika, na utumie epoksi. Usikaze jiliwa mpaka gundi yote ikakamuliwa nje, kwa maana epoksi huhitaji kubaki na unene kidogo ili ishike.

Anayewauzia wageni kalamu zenye mpingo ajue pia kwamba karibu jamii yote ya miti hiyo iliingizwa tangu Januari 2017 katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kanuni zake zimelegezwa baadaye kwa vitu vidogo vilivyokwisha kutengenezwa, lakini anayetaka kupeleka nje mbao yenyewe, au shehena kubwa, atahitaji kibali.

Ubao ulioundwa nyumbani uache siku saba kabla ya kuutoboa, hata kama gundi imeandikwa kwamba hukauka kwa saa 24. Kisha ukate vichwa, uvisugue kwa msasa, na uvisome kwa ukali uleule unaoutumia kwa mbao ya kununua, kwa sababu gundi uliyoibandika mwenyewe haina upendeleo kwako.